Mkono wa Unga wa Kiti cha Pweza

Naanza kwa kukiri, ili mnicheke kwa pamoja halafu tuendelee. Mimi ndiye yule mwalimu wa shule ya Jumapili wa hapa Nyololo aliyeliaminisha kanisa zima kwamba mnyama aliyekufa siku nyingi amelala tu, na mpaka leo nikipita stendi kuna watoto wananiamkia vizuri kabisa, shikamoo mwalimu, kwa adabu zote, halafu nikishawapa mgongo wanaambiana, "Mwalimu Amelala huyo anapita." Sikasiriki. Ningekuwa mtoto ningesema vibaya zaidi.

Mambo yalianzia Dar es Salaam, tulikokwenda kinamama wa usharika kwenye semina ya siku tatu (mada ilikuwa uaminifu katika utumishi, naomba msicheke bado), na siku ya mwisho wakatupeleka ufukweni tukaione bahari. Mimi ni mtu wa ukungu, nimezaliwa na kukulia hukuhuku Mufindi kwenye mashamba ya chai, maji mengi niliyokuwa nimeyaona ni ya bwawa, kwa hiyo nilisimama mbali na mawimbi kama mtu anayemwogopa mbwa wa jirani, huku wenzangu wakinipiga picha. Pale palikuwa na mama anauza makombe na vitu vya baharini vya kupambia nyumba, nikanunua kwake kiti cha pweza. Kwa wale ambao hamjamwona, ni mnyama wa mikono mitano, umbo la nyota, wengine humwita samaki nyota ingawa si samaki, na huyu wangu alikuwa amekaushwa mpaka akawa mgumu kama andazi la juzi. Nikamviringisha kwenye kitenge, nikarudi naye.

Nilirudi mtaalamu wa bahari. Mimi kazi yangu ni cherehani, nashona sare za shule na sketi za kinamama, na wiki ile mteja akija kupimwa kiuno ilibidi kwanza asikilize habari za maji kupwa na maji kujaa, na nilikuwa nasema "kule pwani" kama mtu aliyeishi huko miaka kumi, wakati nilikaa ufukweni saa moja na nusu nikiwa nimeshika viatu mkononi.

Sasa Jumapili iliyofuata somo la watoto lilikuwa uumbaji, siku ya tano, viumbe vya majini. Nikaona Mungu mwenyewe amenipangia. Nikasoma kwenye simu tangu Alhamisi, nikaandika kwenye daftari, na nataka mjue, kwa kujitetea kidogo, kwamba niliyoyaandika yote yalikuwa kweli: kwamba kiti cha pweza hana damu, maji ya bahari ndiyo yanayozunguka mwilini mwake; kwamba hana ubongo; kwamba mdomo wake uko chini, katikati ya tumbo, na chini ya mikono ana vijiguu vidogo mamia kwa mamia vya kutembelea; kwamba akimkuta chaza amejifungia kwenye gamba lake anamkumbatia, analivuta gamba kidogo kidogo mpaka litoe upenyo, halafu anatoa tumbo lake mwenyewe nje, analipenyeza mle ndani, anamla mwenzake humohumo nyumbani kwake, kisha analirudisha tumbo mahali pake. Ukiwa na mambo ya kweli ya namna hiyo mkononi, uongo wa nini? Ndilo swali ninalojiuliza hadi leo.

Nikaona nikimpeleka mkavu atafanana na pambo la ukutani. Nikamtia kwenye beseni la bluu, nikajaza maji, nikakoroga chumvi vijiko vitatu ili watoto wapate picha, nikajitwisha mpaka kanisani. Watoto kama thelathini walikuwa kwenye mabenchi nje, chini ya mikaratusi. Wakazunguka beseni. Nilipofika pale pa tumbo kutoka nje hata wale wakubwa wa darasa la tano walinyamaza.

Mbele kabisa alikaa mtoto mmoja wa kike, Editha, miaka saba, mwembamba, mwenye tabia ya kuuliza maswali kwa sauti ndogo kama hakimu ambaye tayari amesoma faili. Akainama juu ya beseni, akatazama sana, akasema:

"Mwalimu, yuko hai?"

Hapo ndipo. Neno lililotakiwa lilikuwa moja, na watoto wangesema "aaa" kwa masikitiko, tungeimba wimbo mmoja, tungekwenda nyumbani. Lakini nikaziangalia zile nyuso thelathini, nikajiona mimi na beseni langu, mwalimu aliyetoka pwani, nikaona haiwezekani niwe nimejitwisha maiti kutoka nyumbani.

"Amelala," nikasema.

Basi wakashusha sauti. Wakaimba wimbo wa kufungia kwa kunong'ona, wakaondoka kwa kunyata, wakubwa wakiwashika wadogo mikono wasikimbie, na sijawahi kuwa na darasa tulivu kama lile tangu nianze kufundisha. Ningepaswa kuogopa. Nikafurahi.

Jumapili ya pili Editha alikuja na dagaa wawili kwenye kipande cha karatasi, akaniomba nimpe akiamka. Wengine wakaleta vyao. Mimi nikapokea, nikashukuru, nikasema anakula taratibu sana (kweli, yule aliyekufa anakula taratibu sana). Lakini kukaa kwenye maji wiki nzima kulikuwa kumemlegeza, na alikuwa ameanza kutoa harufu fulani ambayo hata baridi yetu haikuweza kuificha, kwa hiyo nilipomnyanyua niwaonyeshe vijiguu vya chini, mkono mmoja ukabaki kwenye beseni.

Watoto wakaangua kilio, si mmoja, wote. Nikawaambia wasilie, viti vya pweza wakikatika mkono wanaota mwingine, ndivyo Mungu alivyowaumba, na hilo pia ni kweli, liko kwenye daftari langu, ila nilisahau kuongeza kwamba lazima mwenyewe awe hai. Kilio kikakatika. Wakapiga makofi. Wakati nakusanya mabenchi Editha akanifuata nyuma.

"Mwalimu, na watu je, wanaota?"

Nilikuwa nimeinama, nina benchi mkononi, nina harufu ya beseni puani, nataka kwenda nyumbani. Nikasema Mungu hashindwi na kitu. Akaitikia, "Haya," akaenda zake. Ni jibu zuri sana lile, huwa tunalitoa kanisani kila tukichoka kufikiri.

Jumapili ya tatu akaja na rula. Alitaka kupima mkono umeota kiasi gani. Haukuwa umeota. Nikasema bado mapema, na nikamwona anaandika sifuri kwenye daftari lake la shule, vizuri, kwa penseli iliyochongwa, na ile sifuri ikanisumbua wiki nzima. Mwisho wa wiki, Jumamosi mchana, nikafunga mlango wa jikoni kwangu nikakanda unga wa ngano na chumvi, nikatia chai ya rangi upate rangi yake, nikafinyanga kinundu kidogo, nikakibanika kwenye mkaa, nikakibandika kwa gundi ya viatu. Mama mzima, mwanamke wa kanisa, mwenye wajukuu wawili Makambako. Nikamkausha mnyama wangu juani, nikampulizia manukato, nikamlaza kwenye sinia juu ya mchanga, nikasema amepata nafuu na sasa anapenda nchi kavu.

Editha akapima, akaandika sentimita moja. Walivyoshangilia, ungewasikia ungedhani ni Pasaka. Wiki iliyofuata nikatengeneza mkono wa sentimita mbili, iliyofuata wa tatu (nilikuwa nimeanza kuona fahari ya ufundi, niwe mkweli), na wakati huo watoto walikuwa wanamwombea kila Jumapili kwa zamu. Watu wazima nao wakaanza kuja kuchungulia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mnyama wa bahari anaishije kwenye mchanga wa mtoni umbali wote huu kutoka baharini. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mzito, mtunza funguo, aliwaambia watu kwamba yeye kwa macho yake amemwona akisogea.

Habari zikamfikia mwinjilisti wetu. Akaja dukani kwangu, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akasema Siku ya Mikaeli na Watoto imekaribia, ile Jumapili ambayo kwetu watoto ndio wanaoongoza ibada, na angependa mwaka huu wamlete yule kiumbe mbele ya usharika waeleze maajabu ya Mungu. Nikamwambia hapendi makelele. Akasema watoto watatulia. Nikamwambia kama vile ana mafua. Mwinjilisti akanitazama kwa huruma, akasema basi tutamwombea, akaaga.

Siku yenyewe kanisa lilijaa mpaka nje. Watoto wamevaa nyeupe, wazazi wameshika simu juu kupiga video, kwaya imenyoosha sare nilizoshona mimi mwenyewe. Mbele wameweka sadaka walizoleta watu, viazi, maharage, maparachichi, mayai kwenye kikapu, kuku watatu waliofungwa miguu, na hapohapo pembeni, kwenye meza fupi yenye kitambaa cha kufuma, sinia langu. Kiti cha pweza na mikono yake mitano, mmoja wa ngano. Nilikaa benchi la pili nikiomba umeme ukatike, kana kwamba umeme ndio uliokuwa unamshikilia.

Editha ndiye aliyeeleza. Wakamshushia kipaza sauti, naye akaeleza bila karatasi, akaanza na damu, akaja kwenye macho (kiti cha pweza ana kijicho kidogo kwenye ncha ya kila mkono, hilo nalo nililifundisha, nalo ni kweli), akaja kwenye vijiguu, akaja kwenye tumbo kutoka nje, na waumini wakawa wanaguna "mmh" kwa pamoja. Nilisahau hofu. Kwa dakika tatu nilikuwa mwalimu mwenye fahari kuliko wote Mufindi nzima.

Halafu akasema mkono mmoja ulikatika, wao wakaomba, Mungu akauotesha, na rula imepima. Vigelegele. Alipaswa kukaa hapo, ndivyo tulivyofanya mazoezi. Hakukaa.

"Na vidole vya baba vitaota," akasema. "Tunaendelea kuomba."

Ndipo nilipokumbuka yule ni mtoto wa nani. Baba yake anafanya kazi kwenye mashine ya kupasulia mbao, na miezi michache nyuma msumeno ulimchukua vidole viwili vya mkono wa kulia. Kanisa zima tulikwenda kumpa pole, mimi mwenyewe nilipeleka sukari. Watu wote wakageuka kumtazama, naye alikuwa amesimama kwa wanaume, na nikamwona anauingiza ule mkono polepole kwenye mfuko wa koti.

Ningeweza kusimama wakati ule. Palikuwa na ukimya wa kutosha. Sikusimama. Na kwa kuwa mimi sikufanya kitu, kuku akafanya.

Kuku mmoja, mwekundu, kamba yake ilikuwa imelegea, na watu walipokuwa wanamtazama Baba Editha yeye alikuwa amekwisha kupanda kwenye meza. Akautazama ule mkono kwa jicho moja, akautazama kwa jicho la pili, akaudonoa. Ukavunjika. Akadonoa tena kwa raha, kama aliyewekewa. Watoto wakapiga kelele kwamba anamla, anamla, mwinjilisti akakimbia akamfukuza, akaokota kipande kilichobaki, akakigeuza, akakinusa. Kipaza sauti kilikuwa wazi mkononi mwake, na tuna spika nje inayoelekea barabara kuu.

"Mwalimu," akasema, na madereva wa malori walimsikia, "hii si ngano?"

Yule mzee mtunza funguo akasogea, akakichukua kile kipande, akakitafuna kidogo kwa utulivu, akasema ni ngano na chumvi imezidi. Sijui kicheko kilianzia wapi, nadhani ni sauti ya pili ya kwaya, lakini kikapita kanisani benchi kwa benchi mpaka kwa waliosimama nje, na mzee alicheka kuliko wote, yeye aliyemwona mnyama akisogea. Ibada ikaendelea. Mimi nikaendelea kukaa, maana kutoka ilikuwa lazima nipite katikati ya watu wote.

Baada ya ibada Baba Editha akanifuata nilipokuwa nimejificha, nyuma ya choo cha kanisa, na ni mtu mpole, nilitamani angekuwa mkali. Akanisalimu, kamwene, nikaitikia nikiangalia chini. Akaniambia kwamba kila asubuhi kabla ya kwenda shule mtoto anakuja na rula kumpima vidole, anaandika kwenye daftari, na yeye anamwachia ampime. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia ukweli.

"Juzi alisema vimeongezeka kidogo," akasema. "Nikamwambia hata mimi naona kama vinawasha."

Tukatazamana. Akasema basi tuko wawili, lakini wewe ndiye uliyeanza, kwa hiyo wewe ndiye utakayemaliza, mimi nitasimama pale karibu.

Editha alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kanisa na sinia mapajani. Halii. Nikapiga magoti mbele yake kwenye vumbi, na kitenge changu cha sikukuu, watu wakipita.

"Alikufa lini?" akaniuliza.

Nikamwambia kabla sijamnunua.

"Kwa hiyo hata ile siku ya kwanza."

"Hata ile siku ya kwanza."

"Na dagaa wangu?"

"Nilimpa paka," nikasema. Nilikuwa nimeamua kusema yote.

Akafikiri. Akauliza kuhusu vidole, bila kumtazama baba yake. Nikasema havitaota, Editha, watu hatujaumbwa hivyo, na nilikosea kukujibu vile. Hapo ndipo akamgeukia baba yake, naye akautoa mkono mfukoni, akachuchumaa.

"Havikuwa vinawasha, mwanangu," akasema.

Akalia sasa. Akalia vizuri, kwa sauti, kichwa kwenye koti la baba yake, na mimi nikabaki nimepiga magoti, sijui niondoke au nibaki, mpaka akamaliza na kujifuta kwa ile nguo nyeupe. Kisha akanirudia. Akauliza kama tumbo kutoka nje nalo lilikuwa uongo. Nikasema hapana, lile ni kweli. Na macho kwenye ncha za mikono? Kweli. Na kutokuwa na damu? Kweli kabisa. Nikaona nafasi, nikachangamka, nikaanza kumweleza kwamba hata mikono kuota ni kweli, akiwa hai, akiwa baharini, na kuna wengine ambao mkono uliokatika wenyewe unaweza kuota mwili mzima ukawa mnyama mwingine, nami nazungumza kwa mikono yote miwili, nikimwangalia usoni, na nikaona ananitazama kama mteja anavyomtazama muuza mchele mwenye mizani mbovu.

"Inatosha, mwalimu," akasema, kwa upole, kwa ile sauti ninayoitumia mimi watoto wakipiga kelele.

Nilikwenda kwa mwinjilisti kuomba nipumzishwe kufundisha. Akakataa. Akasema Jumapili ijayo utasimama mbele ya watoto wote, utawaeleza tangu mwanzo. Nikasimama, nikaeleza, na unga, na gundi, na paka. Wawili walilia, mmoja akauliza kama kuku alipona, na wengi walitaka kujua unga ule nilichanganya na nini. Tangu siku ile nimejiwekea ahadi: mtoto akiniuliza jambo nisilolijua nasema sijui, na nikilijua nalisema lilivyo, hata kama ni baya, hata kama atalia, kwa sababu nimeona mtoto akiambiwa ukweli analia kidogo halafu anauliza swali lingine, lakini akidanganywa anakwenda nyumbani kupima vidole vya baba yake.

Wiki tatu zilipita Editha hanisemeshi zaidi ya shikamoo. Ya nne akabaki nyuma tulipomaliza, nikikusanya mabenchi, akashika upande wa pili wa benchi tukalibeba pamoja. Akasema amemuuliza mwalimu wake wa shuleni, naye kasema ni kweli, viti vya pweza wanaota mikono. Nikasema nimefurahi.

"Lakini nimemuuliza kama amewahi kumwona," akasema. "Hajawahi."